Njia za Samaki: Mto Haupimwi kwa Ujazo wa Maji Peke Yake

Hotuba iliyotolewa jijini Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa masuala ya maji na uvuvi, wafanyabiashara wa samaki na wananchi wengine

Ndugu Mwenyekiti, walimu, vijana wa chuo, ndugu zangu mliotoka soko la samaki la Feri mkaacha mizani na mabeseni kuja kunisikiliza, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa mada ya safari za samaki katika mito na maziwa. Naanza na hoja yangu, ili anayekusudia kuipinga apate muda wa kujiandaa: samaki wa maji baridi hana makao mamoja, bali ana makao kadhaa yaliyounganishwa na njia, na njia hiyo hufunguka na kufungwa kwa majira. Sisi wakazi wa jiji hili, ambao wengi wetu tunamfahamu sangara akiwa tayari mezani na tunaufahamu Mto Ruvu kwa sababu ya bomba, tumezoea kuuliza mto una maji kiasi gani. Samaki ana maswali mengine mawili: maji yanakuja lini, na je, panapitika?

Tuanze na sababu za safari. Samaki haondoki alipo kwa kupenda matembezi, kwa kuwa kuogelea dhidi ya mkondo kunamla nguvu na kunamweka wazi mbele ya ndege, mamba na nyavu. Akiondoka, ujue alikokuwa pamepungukiwa na kitu ambacho hawezi kukikosa. Wataalamu hutaja mahitaji makubwa matatu: mahali pa kutagia mayai, mahali pa kulia na kukulia, na mahali pa kujihifadhi wakati wa shida, yaani wakati wa kiangazi kikali au maji yanapopungukiwa na hewa ya oksijeni. Ni nadra mahali pamoja kukidhi yote matatu. Mkazi wa Gongo la Mboto anayefanya kazi Kariakoo na kulima Kisarawe hahitaji kubomolewa nyumba ndipo maisha yamshinde; ifungwe barabara tu, na baada ya miezi michache mtaona hali yake. Samaki ni vivyo hivyo, ila yeye hana ofisi ya kwenda kulalamika.

Katika nchi za baridi, safari nyingi za samaki hufuata joto la maji na urefu wa mchana. Kwetu, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana, hivyo samaki wetu wengi wa mtoni hufuata mvua. Jike huanza kuandaa mayai tumboni kabla ya msimu, kisha husubiri. Mvua zinapofika, maji hupanda, huchanganyika na tope, hubadilika joto na harufu, na mkondo hupata nguvu. Ishara hizo zinapokutana, mwili hukamilisha kuivisha mayai na samaki huanza kupanda mto. Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona kwamba mvua si chanzo pekee cha safari, kwa maana samaki asiyekomaa haendi popote hata kama mto umefurika. Ni makutano ya mwili ulio tayari na maji yaliyo tayari, na hapo ndipo wahandisi na watu wa uvuvi hutofautiana mara nyingi, kwa sababu maji yaleyale yakija miezi mitatu baadaye hayana faida ileile.

Kwa nini basi apande, asishuke? Mayai na vifaranga huchukuliwa na mkondo kuelekea chini, kwa hiyo mzazi anayetagia juu huwapa watoto wake umbali wa kukua kabla hawajafikia maji makubwa yenye walaji wengi. Tena kando ya mto uliofurika kuna nyasi zilizofunikwa na maji mapya, yenye joto la kadiri na vijidudu tele vya kula, na samaki wakubwa hawaingii huko kwa urahisi. Kwa hiyo safari ya samaki wa Afrika mara nyingi ina vipande viwili: hupanda mto, kisha hutoka mtoni na kuingia pembeni, kwenye uwanda wa mafuriko. Kipande hicho cha pili husahauliwa sana, na kwa maoni yangu ndicho chenye uzito zaidi.

Naomba niwachukue hadi Ziwa Viktoria, kwa samaki anayeitwa ningu. Huyu ni samaki wa ziwa hilo na mito yake, wala hapatikani kiasili mahali pengine, na ndiyo maana wanasayansi wamempa jina la ziwa lenyewe. Ningu hukaa ziwani akila, na masika au vuli inapoingia hukusanyika kwenye midomo ya mito kama Kagera na Mara, na Nzoia upande wa Kenya, akisubiri maji yapande. Kisha makundi hupanda pamoja, huingia kwenye vijito na nyasi zilizofurika, hutaga, na wazazi hurudi ziwani upesi kabla maji hayajapungua na kuwaacha nchi kavu. Vifaranga hubaki kwenye maji tulivu ya pembeni kwa muda, halafu nao hushuka.

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita ningu alikuwa miongoni mwa samaki wenye thamani kubwa kabisa katika uvuvi wa ziwa lile. Watu wa kando ya mito waliwavua kwa migono, yaani mitego ya kusukwa, na nyua za matete, na samaki waliendelea kuwapo. Mwaka 1905 nyavu za makila, yaani zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, ziliingizwa ziwani, na baadaye zikaenea. Hapana shaka wavuvi walifanya hesabu iliyoonekana sahihi: ikiwa samaki wote wa eneo kubwa la ziwa watapita kwenye mdomo mmoja wa mto katika siku chache, basi hapo ndipo pa kutandaza nyavu. Waliokamatwa walikuwa majike yenye mayai, kabla hayajataga. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka katika mito mingi, na haujarudi katika hali yake ya zamani hadi leo.

Nawaomba mwangalie mfuatano huo wa miaka, kwa sababu mazungumzo yetu ya vijiweni humtwika sangara lawama zote. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na makosa yake dhidi ya furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, ni makubwa na yanajulikana. Lakini ningu alikuwa ameshaanguka kabla sangara hajaenea. Hakuliwa na samaki mgeni. Aliviziwa njiani akielekea kuzaa. Ziwa lilikuwa lilelile, maji yalikuwa tele, na chakula chake hakikuwa kimeisha.

Sangara mwenyewe hapandi mito ili kutaga; mayai yake huelea ziwani. Hata hivyo hana makao mamoja. Wadogo hukaa kwenye maji mafupi ya kandokando, wakubwa huenda kwenye maji marefu, na wote husukumwa na hewa. Katika miezi ya joto, maji ya juu ya Ziwa Viktoria hupata moto na kukaa juu ya maji mazito yaliyo chini bila kuchanganyika nayo. Ya chini huishiwa oksijeni, na samaki hulazimika kupanda juu au kusogea ufukweni. Kati ya Juni na Agosti pepo huyakoroga maji, hewa hufika chini, na samaki hutawanyika tena. Mfanyabiashara anayeona samaki wameadimika kwa wiki kadhaa huenda akadhani wameisha, kumbe wamehama ngazi.

Ziwa Tanganyika linatuonyesha safari ya namna nyingine, nayo hufanyika kila siku. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, lakini hewa ya kutosha kwa samaki hufika mita 100 hivi upande wa kaskazini na kukaribia mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo ni maji yasiyoweza kumhifadhi samaki. Katika tabaka hilo la juu, vijidudu vinavyoelea majini hushuka mchana ili visionekane na walaji, na usiku hupanda kula. Dagaa huwafuata vijidudu, migebuka huwafuata dagaa, na mvuvi wa Kigoma huwafuata wote kwa taa. Ndiyo maana uvuvi ule husimama au kudhoofika mbalamwezi inapong'aa: mwanga wa taa hauna nguvu ya kukusanya samaki pale ambapo mbingu nzima imewaka. Kwa hiyo dagaa mkavu mnaemnunua hapa mjini kwa kisado amefanya safari ya kupanda na kushuka kila siku ya uhai wake, ingawa kwenye ramani angeonekana kama hakusogea hata kidogo.

Wapo pia wanaosafiri kwa mwaka. Pepo za kusini huvuma kati ya Mei na Septemba na kuleta juu maji yenye rutuba katika upande wa kusini wa ziwa, na chakula kinapoongezeka huko, samaki nao hubadili mahali. Hata serikali za nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kulipumzisha. Kwa upande wa Tanzania, mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Najua uamuzi huo uliwaumiza wengi, pamoja na akina mama wanaoanika dagaa. Hata hivyo nauunga mkono kwa sababu moja: samaki asiyetambua mpaka kati ya Kigoma na Kongo hawezi kuhifadhiwa na nchi moja.

Kambale sitamweleza kwa urefu, kwa kuwa mnamjua. Usiku wa mvua kubwa za kwanza hutoka mtoni au bwawani na kuingia kwenye nyasi zilizofurika, akisaidiwa na kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, na hata nchi yenye unyevu anaweza kuivuka. Mayai yake hunata kwenye majani na huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, jambo la lazima kwa samaki anayetaga kwenye maji ambayo huenda wiki ijayo hayatakuwapo. Kamongo yeye amechagua njia ya kinyume: maji yakikauka haendi popote, hujichimbia tope na kujifunika utando akisubiri mvua. Kama samaki wote wangekuwa na subira ya kamongo, mimi nisingekuwa na hotuba.

Swali ambalo vijana huniuliza ni jinsi samaki anavyojua anakokwenda. Mkondo anauhisi kwa mstari wa vitundu vidogo ubavuni mwake, unaopokea msukumo wa maji. Harufu ni kiongozi mwingine mkubwa. Mwaka 1951 Arthur Hasler na Warren Wisby, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, walieleza kwamba samaki aina ya samoni huhifadhi kumbukumbu ya harufu ya kijito alichozaliwa na kuirudia baada ya kukulia baharini. Majaribio yaliyofuata, ambamo samaki wadogo walizoeshwa harufu ya kemikali fulani kisha kemikali hiyo ikamiminwa kwenye kijito kingine, yaliwafanya warudi kwenye kijito hicho. Nao wanasayansi wana njia yao ya kumsoma samaki: ndani ya kichwa chake mna vijiwe vidogo vya sikio vinavyoongezeka tabaka kadiri anavyokua, na madini ya strontiamu yaliyomo katika kila tabaka husaidia kueleza kama wakati huo alikuwa katika maji ya chumvi au maji baridi.

Kwa njia kama hizo tumejua kwamba yupo kambale mkubwa wa Mto Amazon ambaye, akijumlishiwa kwenda na kurudi kati ya mdomo wa mto na vijito vya milima ya Andes, husafiri zaidi ya kilomita 11,000. Lakini hatuhitaji kwenda Brazili ili kushangaa. Mikunga ya maji baridi inayoishi katika mito yetu ya pwani, Rufiji na Pangani ikiwamo, haizaliwi humo. Inazaliwa katika Bahari ya Hindi, na dalili zote zinaelekeza upande wa mashariki ya Madagaska. Vitoto vyao, vyembamba kama jani na vyenye mwili unaopenya mwanga, huletwa na mikondo ya bahari hadi pwani, hubadilika umbo, hupanda mito hata kwa kutambaa kwenye miamba yenye majimaji, hukaa huko miaka mingi wakikua, kisha hushuka tena baharini, hutaga mara moja na kufa.

Mkunga anatufikisha Rufiji, mahali ambapo hoja yangu inapata jaribio lake kubwa. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, hupenya kwenye korongo la Stiegler, kisha hutandaa kwenye uwanda mpana unaopita Utete na Ikwiriri hadi kwenye delta na mikoko yake. Pembeni mwa uwanda huo kuna maziwa madogo, kama Ruwe, Zumbi, Mtanza na Uba, ambayo hupata maji na samaki pale mto unapofurika. Mafuriko yakija, samaki huingia. Yakipungua, mlango hufungwa na samaki hubaki wakikua. Na wanakijiji huvua humo wakati ambao mto wenyewe hauna kitu. Kwa watu wa huko, furiko la kadiri ni msimu wa kupandikiza samaki.

Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye korongo hilo la Stiegler, lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022. Lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024. Mwanga uliomo ukumbini humu huenda ni sehemu ya matunda yake, na sikuja kulilaani. Wala simtakii mtu yeyote mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yaliyowatesa ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti. Ninalosema ni kwamba ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 130 umebadilisha mambo mawili kwa pamoja. Umezuia njia ya kupanda na kushuka, na mkunga mkubwa anayetaka kurudi baharini sasa hukutana na mitambo. Jambo la pili halionekani kwa macho, nalo ni kwamba bwawa hupunguza maji ya masika na kuyaongeza ya kiangazi, kwa kuwa umeme unahitajika mwaka mzima. Ukijumlisha maji ya mwaka utakuta karibu yote yamepita. Ukilitembelea Ziwa Ruwe baada ya miaka kadhaa bila furiko, hesabu hiyo haitakusaidia.

Mtu atauliza: kwa nini tusijenge ngazi za samaki, yaani vidimbwi vilivyopangwa kama ngazi kando ya ukuta ili samaki apande, kama walivyofanya wenzetu? Ngazi hizo zilibuniwa kwanza kwa ajili ya samoni na jamaa zake, samaki wenye nguvu nyingi wanaoruka. Wengi wa samaki wetu hawaruki, na kwenye kuta ndefu kama ile ya Rufiji ngazi huwa na faida ndogo sana. Kwenye mabanio madogo ya umwagiliaji, ambayo tunayo kwa mamia na ambayo hayazungumzwi kwenye mikutano mikubwa, njia ya kupitia yenye mteremko mdogo na mawe inaweza kufanya kazi kwa gharama nafuu. Kwenye bwawa kubwa dawa iliyo mikononi mwetu ni muda: kuachilia maji mengi kwa makusudi, kwa siku chache, katika msimu ambao samaki anayategemea. Afrika Kusini wamekuwa wakifanya hivyo katika Mto Pongola, chini ya bwawa lililokamilika miaka ya 1970, ili kuyajaza maziwa ya pembeni. Na huko kumekuwa na ubishi wa muda mrefu juu ya tarehe, maana mkulima na mvuvi hawataki maji siku moja. China nao, tangu mwaka 2011, huachilia maji ya namna hiyo kutoka bwawa la Three Gorges ili kuwachochea samaki wa Mto Yangtze kutaga.

Ipo tahadhari hapa ambayo wanafunzi waiandike. Katika Mto Mara imeonekana kwamba madimbwi yenye viboko wengi hujaa kinyesi na kuishiwa oksijeni wakati wa maji machache, na mto unapojaa ghafla, maji hayo mabovu husukumwa chini na kuua samaki. Kwa hiyo furiko si jema kwa sababu tu ni furiko. Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unawaacha samaki na viboko wakigombea madimbwi, na maji ya kwanza yanayorudi huja baada ya hali hiyo.

Kisheria hatuko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inaweka mahitaji ya majumbani mbele, na baada yake inaweka akiba ya maji kwa ajili ya mazingira, kabla ya matumizi mengine. Shida ninayoiona ni kwamba akiba hiyo tunapenda kuitaja kama kiwango cha chini cha kiangazi, yaani maji ya kumzuia samaki asife. Kiwango cha juu cha masika, maji ya kumwezesha samaki azaliwe, huwa hakina wa kukitetea kikaoni.

Na sasa zamu imetufikia sisi wenyewe. Bwawa la Kidunda linajengwa juu ya Mto Ruvu ili kutunza maji takriban lita bilioni 190, na sababu kubwa ni jiji hili, ambalo mwezi Oktoba 2022 lilionja mgao wa maji mto ulipopungua. Tunalihitaji. Lakini kanuni za kufungua na kufunga milango ya bwawa huandikwa wakati wa ujenzi, na zikishazoeleka ni vigumu kuzibadilisha. Kwa hiyo mtakapopata nafasi ya kukutana na watu wa bodi ya maji ya bonde la Wami na Ruvu, msiwaulize tu litahifadhi maji kiasi gani. Waulizeni ni mwezi gani maji yataachiliwa kwa ajili ya uwanda ulio chini, kwa siku ngapi, na nani aliyeulizwa kabla ya kuupanga mwezi huo, kwa sababu wavuvi wa kambale na perege wa bonde la Ruvu wanaijua kalenda hiyo vizuri kuliko mimi.

Mwenyekiti ameshatazama saa yake mara mbili. Ninakaribisha maswali, na kwa ruhusa yake naomba waanze wale wa Feri, wanaotakiwa kurudi kazini kabla magari ya alfajiri hayajafika.